Maswali ya wasomaji: kamera ya kutega uani

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji ambao nyumba zao zimepakana na msitu, nao wametega kamera uani ili wajue nani anapita usiku. Tumeanza na zile zinazogusa kihisi cha kamera, yaani kile kinachoiamsha ipige picha yenyewe mnyama akipita, maana kamera inayokosa wanyama mara nyingi haina ubovu wowote. Imefungwa mahali pasipoiwezesha kufanya kazi.

Swali: Nimefunga kamera kwenye mti, usawa wa kifua changu, ikitazama ukingo wa msitu. Asubuhi nakuta nyayo mbichi chini yake, lakini kwenye kadi hamna kitu, au kuna mkia tu unaoishilia pembeni mwa picha. Je, nimeuziwa kamera mbovu?

Jibu: Yaelekea kamera yako ni nzima. Itazame kwa karibu: chini ya lenzi pana kidirisha cha plastiki nyeupe kilichochorwa mistari. Nyuma yake ndipo kilipo kihisi, nacho hakioni umbo la mnyama hata kidogo, kinapokea joto. Plastiki ile huligawa eneo la mbele katika vipande vipande, kama ukuti unavyogawanyika. Kitu chenye joto lisilolingana na la mazingira yake kikivuka kutoka kipande kimoja kuingia kingine, kihisi hushtuka na kuiamsha kamera. Basi yanahitajika mambo mawili kwa pamoja: tofauti ya joto, na mwendo wa kukatiza. Mnyama anayeijia kamera uso kwa uso hukaa muda mrefu ndani ya kipande kilekile, akagunduliwa kwa kuchelewa au asigunduliwe kabisa.

Ndiyo maana kimo kina uzito sana. Kutoka usawa wa kifua cha mtu, vipande vile hupita juu ya mgongo wa mnyama mdogo aliye karibu. Ishushe hadi sentimita 30 au 40 kutoka ardhini, iwe sambamba na ardhi, kwa wanyama wa ukubwa kati ya paka na mbuzi. Ukitaka panya wa porini na sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu), shuka hadi sentimita 15 na usitarajie kuwanasa mbali zaidi ya mita 2 au 3. Ile mita 20 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mnyama mkubwa.

Habari ya mkia ni hesabu. Chukua lenzi inayofunika nyuzi 50. Mita 3 mbele yake, picha ina upana wa mita 2.8 tu. Kihisi kikishtuka mnyama akiwa katikati, amebakiwa na mita 1.4 kutoka nje ya picha, na kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde atazimaliza kabla sekunde haijaisha. Kamera inayochukua sekunde nzima kuamka itakuta mkia. Dawa ni mbili. Kwanza irudishe nyuma: mita 6 kutoka njiani upana unakuwa mita 5.6, yaani muda umeongezeka maradufu. Pili, usiielekeze kuikata njia moja kwa moja. Igeuze ielekee njia kwa mshazari wa nyuzi kama 45. Mnyama bado atakatiza vipande vya kihisi, lakini atakaa ndani ya picha muda mrefu zaidi. Unaponunua nyingine, tafuta inayoamka ndani ya nusu sekunde au chini ya hapo.

Kabla ya kuifunga upya, hakikisha njia yenyewe iko wapi. Chekecha mchanga mkavu, utandaze eneo la mita 1 kwa mita 1 kila unapodhania wanapita, unene wa sentimita 1, usawazishe kwa ubao wakati wa machweo. Asubuhi na mapema, kabla kuku na watoto hawajapita, usome nyayo. Tazama pia tundu chini ya uzio: ncha za waya zikiwa na manyoya yaliyonasa, na udongo wa chini umelainika na kung'aa kwa kusuguliwa na matumbo, hapo ni mlangoni kwao. Ukishafunga, washa hali ya majaribio na upite mbele yake ukitambaa kwa magoti na mikono. Ukipita umesimama, umeipima kwa mnyama wa kimo chako.

Swali: Kadi yangu ilijaa picha 3,000 kwa siku mbili, zote za majani. Nilipopunguza ukali wa kihisi, sasa hata wanyama siwapati mchana.

Jibu: Jani lililopigwa na jua lina joto kuliko kivuli kilicho nyuma yake, upepo ukilitikisa, kwa kihisi hicho ni kitu cha joto kinachotembea. Kamera haijakosea, imetii. Acha ukali wa kihisi ulivyokuwa na ufyeke. Ondoa nyasi, matawi yanayoning'inia na majani mapana katika mita 4 za mwanzo mbele ya kamera, hasa yale yanayofikiwa na jua. Kagua pia mti wenyewe: shina jembamba kuliko sentimita 15 huyumba kwa upepo, na kamera ikiyumba dunia nzima inatembea mbele yake. Kama hakuna mti mnene, chimbia nguzo sentimita 50 ardhini na ushindilie mawe.

Mwelekeo nao. Ikitazama mashariki au magharibi, jua la asubuhi au la jioni litaingia moja kwa moja kwenye lenzi, na hizo ndizo saa ambazo wanyama wengi hutembea. Itazamishe kaskazini au kusini.

Kuwakosa mchana kuna sababu yake pia. Siku ya joto kali, ardhi na mawe hukaribia joto la ngozi na manyoya ya mnyama, na tofauti ambayo kihisi kinaitegemea inapotea. Kwa hiyo hali ya hewa ikiwa ya joto, ukali wa kihisi unapaswa kuongezwa. Wengi hufanya kinyume. Kwa sababu hiyohiyo usimngoje mjusi wala nyoka: miili yao hufuata joto la mahali walipo. Ukiwataka hao, weka hali ya kupiga picha kwa muda maalumu, kila dakika 1 au 2, bila kutegemea kihisi.

Swali: Naweza kuiweka ndani, nyuma ya kioo cha dirisha, isilowe wala isiibiwe?

Jibu: Hapana. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga, lakini huzuia lile joto la mwili ambalo kihisi hulisubiri, kwa hiyo mnyama atapita hatua mbili kutoka dirishani na kamera isijue. Usiku mambo huzidi, maana taa zake hugonga kioo na kurudi kwenye lenzi. Utapata picha ya weupe. Kinachowezekana dirishani ni ile hali ya kila dakika, mchana tu. Kwa wizi, tumia boksi la chuma lenye kufuli na waya wa chuma uliosokotwa kuzunguka mti.

Swali: Picha za usiku zinatoka nyeupe pee, mnyama anaonekana kama mzimu. Mara nyingine ni ukungu mtupu. Nimesafisha lenzi, wapi.

Jibu: Hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Weupe unatokana na taa za usiku za infraredi (mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, au huuona kwa shida) kuwa na nguvu nyingi kwa mnyama aliye karibu. Ingia kwenye mipangilio ushushe nguvu ya taa ikiwa ina nafasi hiyo. Kama haina, bandika plasta nyeupe ya hospitali juu ya taa, tabaka moja, ufunike nusu ya taa kwanza, ujaribu usiku mmoja, halafu uongeze. Usiguse kidirisha cha kihisi. Angalia pia kama kuna jani au ukuta karibu upande wowote wa picha: kitu kimoja kinachong'aa mbele huifanya kamera idhani pana mwanga wa kutosha, na kila kilicho nyuma kikazama gizani.

Ukungu una asili mbili. Lenzi za kamera hizi hazirekebishi umbali. Zimewekwa kiwandani zione vizuri kuanzia karibu mita 1.5 au 2 kwenda mbele. Chini ya hapo kila kitu kina ukungu, na kusafisha hakutasaidia. Wanaopiga wanyama wadogo hubandika mbele ya lenzi kioo cha ziada, cha aina ya miwani ya kusomea. Kioo cha nguvu ya +2 huleta uoni mzuri kwenye sentimita 50 hivi, cha +1 kwenye mita 1. Kibandike kwa vipande vidogo vya gundi ya kuondoleka, kifunike lenzi peke yake, na ukubali kwamba vitu vya mbali sasa vitakuwa na ukungu.

Asili ya pili ni mwendo. Usiku kamera hufungua jicho kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga, na mnyama akitembea anajipaka kwenye picha. Hapa suluhisho ni kutega mahali anaposimama mwenyewe: penye maji, kwenye gogo analolipanda kutazama, kwenye shina analonusa kila usiku.

Swali: Betri zinaisha wiki moja na nusu wakati boksi linasema miezi sita. Nilipoweka za kuchaji, kamera ikasema zimeisha siku hiyohiyo.

Jibu: Miezi sita ni hesabu ya picha chache za mchana. Kinachokula betri ni taa za usiku, na video ya usiku ndiyo mlafi kuliko vyote, kwa kuwa taa huwaka muda wote wa kurekodi. Punguza video za usiku kutoka sekunde 30 hadi 10, au tumia picha 3 za mfululizo badala ya video, na uache sekunde 10 kati ya tukio na tukio.

Kuhusu aina, betri za alkali huanza na volti 1.5 na kushuka polepole. Zikishuka, picha za mchana huendelea kama kawaida, huku za usiku zikififia siku hadi siku. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, kabla alama ya betri haijasema lolote. Za kuchaji za nikeli zina volti 1.2. Betri 8 zilizopangwa kwa mfululizo hutoa volti 9.6 badala ya 12, na kamera isiyojua aina hiyo hudhani zimekwisha. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuchagua aina ya betri. Za lithi zisizochajiwa hushikilia volti yake karibu hadi mwisho, hazisumbuliwi na baridi, na kwa anayekagua kamera mara moja kwa mwezi sisi tunaona ndizo zenye faida. Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili. Iliyo dhaifu husukumwa na wenzake mpaka ipasuke na kumwaga dawa, na dawa hiyo hula vyuma vya kamera.

Kwa kuwa unagusa kadi pia: ifomati ndani ya kamera yenyewe kila unapoirudisha, usifute picha kwenye kompyuta pekee. Kadi ya GB 32 inatosha. Kamera nyingi za zamani hazisomi kubwa kuliko hiyo. Na kile kitelezo kidogo pembeni mwa kadi kikisukumwa upande wa kufunga, kamera itawaka vizuri na isihifadhi hata picha moja.

Swali: Kwenye picha za usiku kuna kama nyuzi za pamba zinazong'aa, zinatanda upande mmoja, na mara nyingine duara jeupe linaelea. Jirani anasema niache mambo hayo.

Jibu: Ni buibui, ndugu msomaji. Buibui hufunga utando wake kutoka ukingo wa boksi hadi kwenye mkanda, sentimita 3 au 4 mbele ya lenzi. Mchana huuoni. Usiku uzi mmoja ulio karibu hivyo huakisi mwanga wote ukaonekana mnene kama kamba. Duara linaloelea ni buibui mwenyewe, au tone la umande, likiwa karibu mno lenzi isiweze kulionyesha wazi. Uondoe kwa brashi laini ya rangi kila unapokagua, pamoja na ule ulio kwenye pembe za mkanda ambako huanzia.

Sisimizi ni wabaya zaidi kwa kuwa huingia ndani na kutaga kwenye chumba cha betri. Mlango wao ni tundu la kuchomekea umeme wa nje chini ya boksi. Lizibe kwa tepu ya umeme. Paka mafuta mazito ya mgando kuzunguka nguzo, mkanda wa sentimita 5 juu na chini ya kamera. Usipulizie dawa ya wadudu. Huharibu plastiki ya lenzi, na harufu yake hukaa siku nyingi kwenye pua za wanyama uliowafuata.

Ukungu ulio ndani ya kioo ni jambo jingine: ni unyevu uliofungiwa. Usifungue kamera alfajiri yenye umande, fungua mchana hewa ikiwa kavu. Weka vipakiti 2 vya silika, vile vinavyofyonza unyevu, ndani, uvibadilishe kila mwezi wakati wa mvua. Na kila ukifunga, pitisha kidole kwenye mpira wa kuzibia maji. Punje moja ya mchanga au unywele mmoja uliolala hapo unatosha kuingiza maji.

Swali: Wanyama wananitazama kwenye kamera, wengine wanaruka nyuma. Boksi linasema taa hazionekani.

Jibu: Angalia kama zimeandikwa 850 au 940. Za nanomita 850 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hutoa wekundu hafifu unaoonekana gizani hata kwa jicho la mtu. Za 940 hazionekani kwa mtu, lakini mwanga wake haufiki mbali na picha huwa na chengachenga zaidi. Hata hivyo mnyama ana masikio na pua: husikia sauti ndogo ya kamera inapobadili kichujio chake, na hunusa jasho lako kwenye mkanda. Ifunge ukiwa na glavu, usiirudie kabla ya wiki 2, na uende adhuhuri. Anayeruka nyuma usiku wa kwanza mara nyingi hupita bila kujali usiku wa kumi. Asipozoea, ihamishe pembeni mwa njia mita 2 zaidi.

Swali: Naandika kumbukumbu, lakini saa zinanichanganya. Kanu ameonekana "03:10", nikaandika saa tatu usiku.

Jibu: Kamera huanza kuhesabu siku usiku wa manane, kwa hiyo 03:10 ni saa tisa na dakika kumi za usiku, karibu na alfajiri. Iache kamera kwenye mfumo wa saa 24, usijaribu kuilazimisha ifuate saa zetu, kwa sababu tarehe itabadilika wakati usiofaa. Kwenye daftari andika kama ilivyo kwenye picha, halafu pembeni uandike saa ya Kiswahili. Kila unapobadili betri hakikisha tarehe haijarudi mwanzo. Kamera nyingi huisahau mara betri zinapotoka.

Swali: Huyo mnyama nimemwita kanu, mwenzangu anasema ni fungo. Picha ni ya kijivu tu. Mnaamuaje?

Jibu: Usiku rangi haipo, kwa hiyo acha rangi na utazame umbo. Kanu ni mwembamba, miguu mifupi, na mkia wenye pete unaokaribia urefu wa kichwa na kiwiliwili pamoja. Huunyoosha nyuma anapotembea. Uzito wake ni kati ya kilo 1 na 3, na ukimkuta juu ya tawi huna haja ya kubishana tena. Fungo ni mzito, kilo 7 hadi 20, miguu mirefu zaidi, kichwa amekiinamisha kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka, na nywele za mgongoni huweza kusimama. Uso wake una kitambaa cheusi kupita machoni.

Ubishi wote wa ukubwa unamalizwa na fimbo. Ichore mistari kila sentimita 10, isimamishe kwenye njia ya mnyama, piga picha moja, kisha uiondoe bila kusogeza kamera. Baadaye linganisha picha ya mnyama na ile ya fimbo: bega la kanu litafika mstari wa pili, la fungo litakaribia wa nne.

Swali: Nikimwaga mabaki ya chakula mbele ya kamera si nitawapata wengi?

Jibu: Utawapata, na ndiyo hasara yenyewe. Chakula cha mahali pamoja hukusanya wanyama ambao kwa kawaida hukwepana, wakaambukizana magonjwa na kuumizana. Wengine hujifunza kwamba kwenye nyumba kuna kula, na siku isipomwagwa wanaingia bandani kwa kuku. Picha nazo zitakudanganya, kwa maana zitaonyesha walafi na kuwaficha wapitaji. Ukitaka kuvuta, weka maji: sinia la kina cha sentimita 5, jiwe katikati ili wadogo wasizame, maji yamwagwe na sinia lisuguliwe kila baada ya siku 2 ili mbu wasizaliane.

Swali: Picha za uani kwangu zinaweza kumfaa mtafiti, au ni za kuwaonyesha ndugu tu?

Jibu: Zinaweza kufaa sana. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, kamera za kutega zilinasa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye wataalamu hawakuwa wamemjua. Alipokwisha kuchunguzwa, alitangazwa mwaka 2008 kuwa spishi mpya, *Rhynchocyon udzungwensis*. Lakini picha isiyo na tarehe sahihi haimsaidii mtu. Hifadhi faili asili bila kulikata. Andika siku kamera ilipowashwa na ilipozimwa, hata kama haikunasa kitu, kwa kuwa usiku mtupu nao ni taarifa. Andika kimo, mwelekeo na umbali hadi njiani.

Mambo mawili kabla hujaituma popote. Kamera isitazame ua wa jirani wala njia ya watu. Ikimnasa mtu, futa. Na kwa mnyama anayewindwa, kama kakakuona au chui, usitaje mahali, na uondoe taarifa za eneo ndani ya faili. Simu huziweka zenyewe, na kamera zinazotuma picha kwa mtandao wa simu nazo huweza kufanya hivyo. Tuma picha ya kwanza kwako mwenyewe, uifungue sehemu ya maelezo, uone kama mahali pameandikwa.